Mpaka Ng'ombe Warudi

Alama ya kosa ilikuwa nyekundu na ndefu, imevutwa na mkono wa mtu aliyechoka. Kabula aliitazama, akaigeuza karatasi, akaigeuza tena, kana kwamba upande wa pili ungemwombea msamaha. Haukumwombea. Swali la saba lilitaka maana ya msemo wa Kiingereza, "till the cows come home", na yeye alikuwa amejibu kwa Kiingereza kilichonyooka: mpaka saa kumi na mbili jioni.

Maneno yale aliyajua moja moja na aliyajua yote kwa pamoja. Mpaka ng'ombe warudi nyumbani. Katika jaribio zima lile ndilo swali pekee alilolijibu bila kutafuna kalamu. Mengine aliyabahatisha, na katika aliyoyabahatisha mawili yalikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomchoma. Alichobahatisha amepata, alichokijua amekosa.

Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, swali la saba. Umekosea kusahihisha."

Chumba kizima kikamgeukia. Kilikuwa chumba kimoja cha bati nyuma ya duka la misumari na saruji, pale Majengo, Mpanda mjini, na mwezi wa kumi bati lile lilipika watu. Watu waliokuja kurudia mtihani wa kidato cha nne walibanana kwenye mabenchi, jasho likiwatiririka shingoni. Mwalimu Melkior, mwalimu mstaafu aliyepiga pasi shati lake hata kwa ajili ya kuja kulowa jasho humo ndani, alivua miwani.

"Sijakosea. Maana yake ni muda mrefu sana, usiojulikana mwisho wake. Watu wakibishana mpaka ng'ombe warudi, basi wamebishana bila kikomo."

"Lakini ng'ombe wa baba wanarudi kila siku."

"Nimesikia."

"Na wanarudi kwa wakati, mwalimu. Jua likifika pale." Akaonyesha kona ya chini ya dirisha. "Hata mchungaji akilala, wenyewe wanajileta. Kule kwetu Mamba basi linachelewa, mvua inachelewa, diwani ndiyo usiseme. Ng'ombe hawachelewi. Ukitaka kumwambia mtu neno la uhakika, unamwambia tukutane ng'ombe wakirudi."

"Hao ni ng'ombe wa baba yako. Hawa ni wa Mwingereza."

"Basi Mwingereza hana mchungaji."

Watu wakaangua kicheko. Cletus, kijana wa benchi la nyuma ambaye alikuja tuisheni kama mtu anayekuja kwenye mpira, akapiga meza. "Dada Saa Kumi na Mbili! Umetisha!" Jina likamganda palepale. Tangu siku hiyo, akichelewa wanauliza kama kwake bado ni saa kumi na moja, akiwahi wanauliza kama ng'ombe wamesharudi.

Mwalimu Melkior hakucheka. Alisogea mpaka kwenye benchi lake, akamwinamia.

"Kabula, unajua kwa nini ulianguka mara ya kwanza? Kwa sababu unafikiri. Nahau haifikiriwi. Inamezwa, kama dawa ya minyoo. Meza, kunywa maji, kaa kimya."

Alikaa kimya. Lakini dawa ile haikupita kooni.

Haikuwa mara ya kwanza Kiingereza kumfungia mlango. Biolojia alifaulu, Kemia alifaulu, hata Hesabu iliyowaua wengi ilimwacha hai. Kiingereza kikampa F, na chuo cha mifugo kikamwandikia kwa ustaarabu mwingi kwamba kinamtakia kila la heri. Kwa nini mtu anayetaka kutibu ng'ombe aulizwe Kiingereza, Kabula hakujua. Ng'ombe wenyewe hawakuwa wameulizwa. Alichojua ni kwamba kule mnadani kulikuwa na jamaa mwenye begi na bomba moja la sindano, aliyewadunga ng'ombe wote dawa ileile, mwenye homa na mwenye kidonda, mwenye mimba na ndama. Watu walimwita daktari. Baba yake, Manyanda, alimwita daktari pia, mpaka ndama watatu walipokufa wiki moja baada ya sindano, nao wakazikwa nyuma ya zizi. Siku ile Kabula alisema atasomea kazi hii yeye mwenyewe, na baba yake, mtu asiyetumia maneno mawili kama moja linatosha, alitikisa kichwa kukubali.

Baada ya ile F, Manyanda alimwita zizini. Alimshika mgongoni mtamba mmoja mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

"Huyu ni wa chuo," alisema. "Ukipita, ninamuuza, unakwenda. Ukianguka tena, huyu atazaa kama wenzake, na wewe utatafuta njia nyingine. Mara ya tatu haipo."

Basi ndiyo maana alikuwa Mpanda, kwa shangazi yake Dorotea, na ndiyo maana ile alama nyekundu ilikuwa na uzito wa mtamba mzima.

Shangazi Dorotea aliuza mchele wa Mamba sokoni, na jioni alikaa uani na ungo mapajani akitoa mawe. Kabula alikaa naye, mkono mmoja ukichagua mchele, mwingine umeshika zile karatasi za Mwalimu Melkior zenye misemo mia moja, zimetolewa kopi mpaka herufi zimefifia.

"Soma kwa sauti," shangazi alisema. "Na mimi nijifunze."

"Spill the beans. Kumwaga maharage."

"Nani kamwaga?"

"Hakuna aliyemwaga, shangazi. Maana yake ni kutoa siri."

Shangazi Dorotea alisimamisha ungo. "Siri na maharage wapi na wapi? Maharage yakimwagika unayaokota, unaosha, unapika. Siri utaiokotaje?"

"Ndiyo hivyo hivyo ninavyomuuliza mwalimu."

"Anasemaje?"

"Anasema nimeze."

"Haya, endelea."

"Kick the bucket. Kupiga ndoo teke. Maana yake kufa."

Hapo shangazi alicheka mpaka mchele ukaruka. "Ng'wana Manyanda, mama yako akikamua, yule ng'ombe mwekundu si alikuwa anapiga ndoo teke kila asubuhi? Mbona kazeeka?"

Kabula hakucheka. Alikuwa amechoka kuona mambo ya nyumbani kwao yakirudi kwake na sura ya kigeni. Angesamehe kama misemo ile ingekuwa ya meli, au ya theluji, au ya vitu ambavyo hajawahi kuvitia machoni. Hapo angemeza tu, kwa kuwa hana cha kubishia. Lakini Kiingereza kilikuwa kimeingia zizini mwao. Kilisema mtu jasiri hukamata dume kwa pembe, na Kabula alijua kwamba anayekamata dume kwa pembe si jasiri, ni marehemu. Dume hukamatwa puani. Kilisema ndoo, kilisema maziwa, kilisema ng'ombe wanarudi, na kila kitu kilikuwa kimewekwa kinyume, kama nyumba yako uliyoingia gizani ukakuta mtu amehamisha vitanda.

Aliyejaribu kumsaidia ni Joséline. Huyu alitoka Katumba, akakaa kwa mjomba wake mjini kwa ajili ya tuisheni hiyohiyo, binti mpole mwenye sauti ndogo na kichwa kinachonasa kila kitu. Mchana mmoja, wakila mihogo ya kukaanga kwenye kivuli cha ukuta wa duka, alimwambia Kabula aache kugombana na Mwingereza.

"Mimi kila msemo wake ninautafutia ndugu kwenye Kiswahili. Kupiga ndoo teke, ninaandika: kukata kamba. Basi. Nimemaliza."

"Kukata kamba ni nini?"

"Kufa."

"Kukata kamba ni kukata kamba," Kabula alisema. "Ng'ombe anakata kamba. Unamfukuza, unamrudisha, unamfunga."

Joséline alimtazama aone kama anatania. "Hujawahi kusikia? Fulani amekata kamba?"

"Nyumbani tunasema Kisukuma. Kiswahili nilikikuta shuleni, na shuleni hilo hawakunifundisha." Akatupa ganda la muhogo. "Haya sasa, nina lugha mbili zinazonidanganya."

"Hazikudanganyi, bwana. Sikiliza. Bibi yangu kule Katumba, akikusalimia kwa Kirundi, anakutakia makundi ya ng'ombe. Kila siku, asubuhi na jioni, kwa kila mtu. Yeye mwenyewe hana hata mbuzi. Wazazi wake waliwaacha wote Burundi mwaka sabini na mbili. Umewahi kusikia mtu akimuuliza, bibi, hao ng'ombe wako wapi?"

"Lakini hilo linaeleweka."

"Linaeleweka kwa nini?"

Kabula alifikiri. "Kwa sababu ni la bibi yako."

"Eh. Na mwalimu wetu naye ana bibi yake huko Uingereza," Joséline alisema, na mara hii Kabula alicheka kweli.

Joséline alimpelekea Mwalimu Melkior njia yake ile, naye akaipenda. Wiki iliyofuata akaujaza ubao: kushoto Kiingereza, kulia ndugu wa Kiswahili. Kutoa siri. Kupata jiko, ambalo wote walilishangilia. Kisha akaandika kwa chaki ndefu "kick the bucket", akachora mstari, akaandika "kukata kamba", akagonga ubao.

"Amekata kamba, maana yake?"

"Amefariki!" darasa likaitikia.

"Tena."

"Amefariki!"

Mlangoni kulikuwa na beseni la plastiki la bluu, ambamo kila aliyeingia aliacha simu yake. Ilikuwa amri ya Mwalimu Melkior na hakuna aliyeivunja. Wakati darasa likiitikia, simu moja ililia ndani ya beseni, ikanyamaza, ikalia tena, na tena. Mwalimu alikwenda kuizima. Akasoma jina. Ilikuwa ya Kabula, na aliyepiga alikuwa "Baba". Mzazi akipiga mara tatu mfululizo ana jambo. Mwalimu Melkior aliipokea, akatoka nayo nje ya mlango.

Alikaa huko muda mfupi tu. Mtandao wa Mamba haukuwahi kumvumilia mtu. Aliporudi alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, na uso wake, ambao siku zote ulikuwa kama ubao uliofutwa, ulikuwa na kitu.

"Kabula," alisema polepole. "Simama, mwanangu. Pole sana. Baba yako amepiga. Ng'ombe wako... yule wa chuo. Amefariki."

Kabula alisimama. Aliona midomo ya mwalimu ikiendelea kusogea, akasikia "usiku wa jana" na "wanahangaika", halafu hakusikia tena. Alimwona yule mtamba mweusi na baka lake jeupe. Alikuwa na kidonda cha kwato, ndiyo, kwa hiyo hakupelekwa malishoni na wenzake, alifungwa kwenye mti kando ya zizi. Lakini kwato haiui. Kwato haiui, isipokuwa yule jamaa wa begi awe amekuja na bomba lake. Hapo machozi yakamtoka, na yalikuwa ya hasira kuliko ya huzuni.

Hakuna aliyemwita Saa Kumi na Mbili. Joséline alimshika bega na kumwambia pole kwa Kirundi kwanza, maana Kiswahili kilimchelewa. Hata Cletus alisimama, akavua kofia. "Pole, dada. Ng'ombe ni ng'ombe," alisema, na hakikuwa kichekesho.

Kabula alifika nyumbani, akampa shangazi Dorotea zile karatasi za misemo mia moja.

"Washia jiko."

"Kulikoni?"

"Mtamba kafa. Hakuna mtihani, hakuna chuo. Washia tu."

Shangazi Dorotea, ambaye kilio hakikumzuia kupika, alichomoa karatasi mbili za juu, akazikunja, akazisokota chini ya mkaa, akawasha. Moto uliposhika ndipo akachukua simu yake na kumpigia kaka yake ampe pole. Waliongea Kisukuma, sauti ya Manyanda ikipasua spika.

"Nani kafa?" Manyanda aliuliza.

"Mtamba. Ng'ombe wa chuo. Si umemwambia mwalimu wake?"

"Nimemwambia amekata kamba."

"Ndiyo hivyo."

"Amekata kamba, Dorotea! Kamba! Ile ya katani niliyonunua mnadani, mbovu, imekatika usiku, ameondoka nayo shingoni. Kwa Kiswahili mnasemaje kamba ikikatika?"

Shangazi Dorotea alimtazama Kabula, Kabula akamtazama shangazi. Kicheko kilianza kwa shangazi, kikamwingia na Kabula, wakacheka mpaka wakashikana. Pale jikoni, misemo hamsini ya kwanza ilikuwa imekwisha kuwa majivu.

"Mnacheka," Manyanda alisema upande ule. "Msicheke. Nyayo zake zimeelekea hifadhini."

Wakaacha.

Hapo ndipo subira ilipoanza, na ilikuwa mbaya kuliko msiba. Ng'ombe aliyekufa anachunwa, ngozi inatandazwa, watu wanajua moja. Ng'ombe aliyepotea upande wa hifadhi anaweza kuwa tumboni mwa simba, anaweza kuwa amekamatwa na askari wa wanyamapori, anaweza kuwa amesimama nyuma ya kichaka kile pale anakula majani. Kila jioni, jua likifika kona ya dirisha, Kabula alipiga simu.

"Ng'ombe wamerudi?"

"Wamerudi."

"Na yeye?"

"Bado."

Kesho yake vilevile. Baba yake na majirani walifuata nyayo mpaka mvua ya kwanza ya msimu ikanyesha na kuzifuta. Kabula alikaa uani na kopi alizoazima kwa Joséline, akisoma mstari huohuo mara tano, masikio yakiwa Mamba. Na jioni moja, akiwa ameshika simu na hajapiga bado kwa kuogopa lile "bado", kitu kikajipanga kichwani mwake bila kuombwa. Ng'ombe wana saa yao. Saa ikifika wanakuja, na hakuna anayewasubiri. Nani anasubiri kitu ambacho hakijawahi kukosa? Unasubiri pale saa inapopita. Na ikishapita hakuna saa nyingine. Hakuna wa kukuambia njoo kesho, wala keshokutwa. Unasubiri tu.

"Kumbe," alisema kwa sauti.

"Kumbe nini?" shangazi akauliza.

"Kumbe aliyesema vile alipotelewa na ng'ombe."

Hakujua kama ilikuwa kweli. Pengine yule Mwingereza hakuwahi kupotelewa hata na kuku. Lakini kwa mara ya kwanza msemo ule ulimwingia, na ulipomwingia alikasirika zaidi, kwa sababu ulikuwa umeingia kwa gharama ambayo hakuna mwanafunzi anayepaswa kutozwa.

Siku ya mwisho ya tuisheni Mwalimu Melkior alimwita pembeni, karibu na beseni la simu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi kama kawaida.

"Kabula, nilikutoa machozi darasa zima likiona, na sikukuomba radhi darasa zima lisikie. Nitaomba. Nilikuwa nimetoka kuandika ubaoni, nikaona nahau mahali ambapo hapakuwa na nahau."

"Na mimi ninaona ng'ombe mahali ambapo hakuna ng'ombe."

"Basi tumekosea sawasawa."

"Kwa hiyo maksi ya swali la saba, mwalimu?"

"Ile hapana."

"Lakini umesema sawasawa."

"Mimi sifanyi mtihani," Mwalimu Melkior alisema. "Na mbele ya msahihishaji wa taifa hutakuwepo umnyooshee mkono, umwonyeshe jua dirishani. Atakuwa na karatasi yako tu. Usimpelekee Mamba, mwanangu. Mpelekee anachokijua."

Yalikuwa maneno ya mtu anayemtakia mema, na Kabula aliyachukia njia nzima.

Mtihani ulikuwa asubuhi, katika ukumbi wa shule uliojaa watahiniwa wa kujitegemea, wengine mama wa watoto, mmoja mzee mwenye mvi. Mtamba alikuwa bado hajaonekana. Kabula alifungua karatasi, akapitisha macho, akaruka ufahamu, akaruka barua, akafika kwenye misemo. Ilikuwa mitano. Minne haikuwemo hata katika ile mia ya Mwalimu Melkior. Kukariri kote kule, mihogo yote, majivu yote, na Mwingereza alikuwa na mingine ghalani. Alisikia kicheko cha uchungu kikimpanda, akakibana.

Wa tano ulikuwa ule ule wa ng'ombe. Tunga sentensi yako mwenyewe itakayoonyesha maana.

Aliweka kalamu. Ukumbini palisikika feni moja tu na mtu anayekohoa. Angeweza kuandika sentensi ya mwalimu, ya watu wanaobishana. Ilikuwa imekaa tayari, imemezwa, na maji yake. Badala yake alishika kalamu akaandika kwa Kiingereza kwamba baba yake atamngoja mtamba wake mweusi mpaka ng'ombe warudi, ingawa ng'ombe wengine wote walikwisha kurudi. Akaisoma. Ilikuwa sahihi kwa Mwingereza, na ilikuwa kweli kwa Manyanda. Ile minne aliibahatisha, kwa sababu kubahatisha kulikuwa kumemtendea wema siku zote.

Mchana alipita kwa Mwalimu Melkior. Joséline alikuwa ameshafika, anahesabu makosa yake kwa vidole.

"Msemo wa ng'ombe ulikuja?" mwalimu aliuliza.

"Ulikuja."

"Umeandika nini?"

"Muda usio na mwisho. Ulivyotaka."

"Vizuri sana."

"Si vizuri. Ni sahihi tu," Kabula alisema.

Alikuwa uani kwa shangazi, ungo mapajani, jua likiwa kwenye kona, simu ilipolia kabla yeye hajapiga.

"Amerudi," Manyanda alisema.

Kabula aliushika ungo usianguke. "Nani kamleta?"

"Nani amlete? Kaja mwenyewe. Amekonda, mkia umechanika, kipande cha kamba kiko shingoni bado. Nimegeuka kuhesabu, nikaona yuko katikati ya wenzake, anaingia zizini kama mtu aliyekwenda dukani."

"Saa ngapi, baba?"

"Saa ngapi?" Manyanda aliliona swali la kijinga. "Sasa hivi. Ng'ombe wanarudi saa ngapi?"

Kabula aliuweka ungo chini. Alifurahi, na katikati ya furaha ile hasira ikasimama wima. Karatasi ilikuwa imeshafungwa, imeshatiwa gundi, iko njiani kwenda kusahihishwa na mtu asiyemjua, na ndani yake yeye, kwa mkono wake mwenyewe, ameandika kwamba ng'ombe hawarudi.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza. Kiingereza: D. Haikuwa ya kujivunia mbele ya watu, lakini ilikuwa ya kupita, na chuo cha mifugo hakikutaka zaidi ya hapo. Manyanda aliuliza D ni nini, akaambiwa ni ya kupita, akasema basi na afunge mizigo, na asubuhi ya mnada akamkabidhi Kabula kamba mpya ya katani amfunge yule mtamba mweusi kwa mikono yake. Alimfunga. Alipima fundo mara mbili, akaikagua kwato iliyokwisha kupona, akasimama naye kidogo, paji la uso lenye baka jeupe likimsukuma kifuani.

Mfukoni simu ikatetema. Ulikuwa ujumbe wa Mwalimu Melkior.

"Hongera sana, Kabula. Nimeona matokeo. Swali la saba bado ni kosa."

Kabula alishikilia kamba kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaandika jibu, akaliangalia, akalituma.

"Walirudi saa kumi na mbili, mwalimu."